Majani yako, seli za saratani na pleti ya visima 96: mwongozo wa anayeanza, kwa sisi wa Mbeya, Iringa na Njombe

Kila wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakishapewa topiki, maswali yanakuja yale yale: nichukue majani gani, nianike juani au kivulini, DMSO (kimiminika cha kuyeyushia ekstrakti) niweke kiasi gani, mbona seli zimekufa zote hadi za kontroli (zile za kulinganishia zisizopewa jani), IC50 yangu (dozi inayopunguza uhai wa seli kwa nusu) imetoka 280 je nimepata dawa. Nimeona niyajibu yote sehemu moja, kuanzia mti ulipo shambani mpaka namba inayotoka kwenye mashine.

Kabla hujagusa jani shika hili. Kuua seli za saratani kwenye pleti, ile sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo 96 tunavyoviita visima, sio kazi ngumu, jiki inaziua, spiriti inaziua, hata chumvi ikizidi inaziua. Kwa hiyo swali lako la utafiti sio "je zimekufa", swali ni je zimeuliwa na kitu kilichotoka ndani ya jani, kwa dozi ndogo, huku seli ambazo sio za saratani zikibaki hai. Karibu kila hatua hapa chini ipo kwa ajili ya kujibu hilo, na ukiruka moja kuna mtu kwenye chumba cha kujieleza atakuuliza juu ya hiyo hiyo.

Nadharia ni fupi tu. Mimea imeshatoa dawa za kweli za saratani. Vinkristini na vinblastini zilitoka kwenye lile ua la rangi ya waridi la Madagaska, Catharanthus roseus, ambalo watu wengi wanalipanda getini kama pambo, na vinkristini mpaka leo inatibu watoto wenye saratani ya damu. Paklitakseli ilitoka kwenye magome ya mti wa Marekani yaliyokusanywa mwaka 1962, ikaja kuruhusiwa kama dawa ya saratani ya ovari mwaka 1992. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi kutoka gome mpaka mgonjwa. Wewe unafanya hatua ya kwanza kabisa ya safari hiyo, na hatua ya kwanza ikifanywa vizuri inamsaidia anayekuja nyuma yako.

UNACHOHITAJI

Kwa upande wa majani: mizani inayosoma angalau gramu 0.01 (ya kupimia ekstrakti, yaani kile kilichotolewa ndani ya jani, iwe ya 0.0001), mifuko ya khaki, blenda au kinu safi, chupa za kioo zenye mfuniko, ethanoli ya asilimia 96 ya maabara, maji ya distilled (yaliyogeuzwa mvuke yakapozwa tena kuwa maji), karatasi za kuchujia Whatman namba 1, rotavapu (mashine ya kuvukiza ethanoli kwa joto dogo), friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na marka isiyofutika kwa ethanoli. Hiyo marka ipe uzito wake, lebo ikifutika umebaki na chupa ya kitu cha kahawia kisichojulikana.

Kwa upande wa seli: kabati la hewa safi, inkubeta ya CO2, hadubini ya kutazama kwa chini, sentrifuji, pleti za visima 96, midia (chakula cha maji cha seli, aina ya DMEM au RPMI 1640), seramu ya ndama, antibayotiki, tripsini (kimeng'enya cha kubandua seli kwenye chupa), PBS (maji ya chumvi ya kuoshea seli), DMSO safi ya kulelea seli, poda ya MTT (rangi ya kupimia uhai wa seli), dawa ya kulinganishia kama doksorubisini, na mashine ya kusoma pleti kwenye nanomita 570.

Kama chuo chako hakina chumba cha seli usikate tamaa wala usiilazimishe kazi ya seli kwenye benchi la kemia. Fanya hatua ya 1 hadi ya 6 huku huku vizuri kabisa, alafu ekstrakti ikiwa kavu isafirishe kwenda maabara yenye seli mliyokubaliana nayo mapema, kwa maandishi. Na kama bajeti ni ndogo sana kuna kipimo cha kamba wadogo wa maji chumvi, wale Artemia: unatotolesha mayai kwenye maji yenye gramu 38 za chumvi ya bahari kwa lita, unahesabu waliokufa baada ya masaa 24. Hakikuambii lolote kuhusu saratani moja kwa moja ila kinakuonyesha ekstrakti ipi ina nguvu, na kwa shahada ya kwanza mi naona kinatosha kabisa.

HATUA KWA HATUA

1. Chagua mmea mmoja, uwe na sababu.

Usije na mimea kumi. Mmoja uliofanywa vizuri unashinda kumi ya kubahatisha, na pleti zako zitaisha kabla hujafika wa nne. Sababu iwe ya kueleweka: waganga wa eneo wanautumia, au kemia yake inajulikana kiasi, au mifugo ikila inadhurika. Mfano ambao huku kwetu uko kila kona ni mparachichi, Persea americana. Mfugaji anaweza kukwambia mbuzi anayenyonyesha akila majani ya mparachichi kiwele kinavimba na maziwa yanapungua. Kinachosababisha ni kemikali inaitwa pesini, na ni hiyo hiyo watafiti waliikuta inaua seli za saratani ya matiti kwenye maabara. Umeona hapo? Nguvu na sumu vimekaa kwenye jani moja, ndio maana seli za kawaida lazima ziwepo kwenye jaribio lako.

Angalia pia mmea unapatikana wapi. Mlonge na mwarobaini usivitafute Makete kwenye baridi, shuka Usangu, Pawaga au Isimani. Mstafeli uko Kyela. Mparachichi ni Rungwe na Njombe.

2. Kibali na utambuzi kabla ya kuchuma.

Shamba la mtu unaomba mwenyewe, na unamweleza majani yanaenda kufanya nini. Msitu wa hifadhi unahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, huchumi hata ua moja bila kibali, usijiambie ni jani dogo tu. Mambo ya kibali cha utafiti muulize supavaiza wako kuhusu COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) mapema, sio wiki ya kwenda uwandani.

Kama mganga au bibi fulani ndiye aliyekuonyesha mmea, omba ridhaa yake, muulize kama anataka kutajwa, na rudi umwambie ulichokipata. Hii naisisitiza sana kwa sababu wazee wengi huku wameshatoa maarifa yao kwa watu waliokuja na daftari na hawakuonekana tena.

Alafu kata tawi lenye majani na maua au matunda, libane kati ya magazeti na maboksi, badilisha magazeti kila siku mpaka likauke, upeleke kwa mtaalamu wa mimea chuoni au kwenye hebariamu ya taifa (ghala la mimea iliyokaushwa) Arusha upate jina la kisayansi na namba ya sampuli. Jina la kienyeji peke yake halitoshi, jina moja linaweza kuwa mti huu Tukuyu na mti mwingine kabisa Iringa.

3. Kuchuma.

Chuma asubuhi umande ukishakauka. Chukua majani yaliyokomaa yasiyo na madoa wala wadudu, kutoka miti kadhaa sio mti mmoja. Andika tarehe, kijiji, mwinuko na nukta ya GPS ya simu yako.

TAHADHARI: muulize mwenye shamba alipulizia dawa lini na dawa gani. Mashamba ya parachichi za kuuza nje na mashamba ya viazi ya kule Uyole yanapuliziwa, na upepo hauna mpaka. Jani lenye mabaki ya kiuatilifu litaua seli vizuri sana na wewe utashangilia kitu ambacho sio cha mmea. Vile vile usichume kando ya barabara kuu ya TANZAM, vumbi na moshi wa malori vinakaa juu ya jani.

4. Kuosha na kukausha.

Hapa ndipo wengi wanaharibu, alafu wanakuja kulalamikia seli. Osha kwa maji ya bomba, suuza kwa maji ya distilled, kung'uta, tandaza kwenye kitambaa safi cheupe au karatasi ya khaki, tabaka moja tu, kivulini, chumba chenye hewa inayopita. Geuza asubuhi na jioni. Sio juani, jua la huku juu ni kali hata kama mwili unahisi baridi na baadhi ya kemikali za jani zinaharibika kwa mwanga.

Mbeya mjini kati ya Juni na Agosti hewa ni kavu na majani yanakubali ndani ya wiki mbili hivi. Tukuyu ni habari nyingine, mvua haina adabu na majani yanaweza kukaa wiki nzima bado yanapinda kama kitambaa huku chini yameanza ukungu. Ukiona hata doa la ukungu tupa rundo lile lote, usichambue, maana ukungu una sumu zake na hizo nazo zinaua seli. Kwa maeneo ya mvua tumia oveni yenye feni, isizidi nyuzi 40, mlango wazi kidogo.

TAHADHARI: usikaushe jikoni juu ya kuni wala chumba chenye jiko la mkaa. Najua baridi ya Julai inavyosukuma watu kuwasha mkaa ndani, ila moshi unaacha kemikali kwenye jani na baadhi yake ni zile zile zinazosababisha saratani.

Utajuaje yamekauka? Jani likifinywa livunjike lisipinde, na ukipima uzito wa sampuli moja leo na kesho namba isibadilike.

5. Kusaga na kuloweka.

Saga mpaka upate unga, usisage mfululizo blenda ikapata moto. Pima gramu 100, weka kwenye chupa ya kioo, mimina lita 1 ya ethanoli ya asilimia 70. Kupata hiyo 70 kutoka ile ya 96, chukua mililita 730 ongeza maji mpaka ifike lita moja. Funga, zungushia foili, weka masaa 48 hadi 72 ukitikisa mara kadhaa kwa siku. Chuja, alafu loweka machicha mara ya pili kwa ethanoli mpya.

Kwanini sio methanoli? Inavuta vitu vizuri na makala nyingi zinaitumia lakini ni sumu, ikiingia mwilini inapofusha macho, na kwa anayeanza mi nashauri ethanoli. Na kama waganga wanachemsha kwa maji basi tengeneza pia ekstrakti ya maji, vinginevyo unapima kitu ambacho hakuna mtu anakitumia. Spiriti ya bluu ya dukani usiiguse, ina rangi na vitu vingine vilivyochanganywa humo.

Ethanoli inawaka. Hakuna moto, hakuna sigara, hakuna jiko chumba hicho.

6. Kuchuja na kukausha ekstrakti.

Kitambaa cha melikani kwanza, alafu Whatman namba 1. Ondoa ethanoli kwenye rotavapu, beseni la maji nyuzi 40. Maji yanayobaki yaondoe kwa kugandisha na kukausha, au kwenye oveni ya nyuzi 40 kwenye sahani pana. Endelea mpaka uzito usibadilike, maana ethanoli iliyojificha ndani ya ule utomvu mzito itaua seli.

Pima ulichopata. Gramu 12 kutoka gramu 100 ni asilimia 12, iandike. Weka kwenye vichupa vya kahawia, vijazwe kidogo kidogo ili usifungue kimoja mara ishirini, pamoja na pakiti ya silika, kwenye friza. Ukisafirisha kwa basi kwenda Dar funga vizuri kwenye kibaridio, shika mwenyewe, na uwe na barua inayoeleza ni nini, usimkabidhi kondakta.

7. Stoku.

Stoku ni ekstrakti iliyoyeyushwa kwa wingi, ambayo baadaye utaipunguza. Yeyusha miligramu 50 kwenye mililita 1 ya DMSO. Ikikataa weka kwenye maji ya uvuguvugu wa nyuzi 37 na utikise, isipoyeyuka yote izungushe kwenye sentrifuji na uandike kwenye ripoti kwamba kulikuwa na masalia. Usipitishe stoku ya DMSO kwenye filta ya selulosi asetati, filta yenyewe inayeyuka. Chuja baada ya kuichanganya na midia, kwa filta ya maikromita 0.22.

8. Kuandaa seli.

Chukua angalau aina mbili, moja ya saratani na moja isiyo ya saratani. Wengi wanaanza na HeLa, seli za saratani ya mlango wa kizazi, na kwa Tanzania ina mantiki kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wetu. Seli hizo zilitoka kwa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1951, zilichukuliwa bila ridhaa yake na bila familia kujua. Mtaje kwa jina kwenye ripoti yako. MCF-7 ni za saratani ya matiti. Kwa upande wa kulinganisha Vero zinapatikana kirahisi ila ni za figo ya nyani, ukipata faibroblasti (seli za tishu unganishi) za binadamu ni bora zaidi.

Ziombe zikiwa na cheti cha utambulisho na kipimo cha maikoplazima (bakteria wadogo wanaochafua seli bila kuonekana). HeLa zinakua haraka mno na zimeshavamia vyupa vya aina nyingine kwenye maabara nyingi duniani, kwa hiyo usimwage seli mbili tofauti kwa pipeti moja wala midia ya chupa moja.

Sasa mwinuko, jambo ambalo vitabu vya Ulaya havikwambii. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari na shinikizo la hewa ni dogo. Autokilevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke) ya sufuria ikisoma 15 psi kwenye geji, Dar ndani ni nyuzi 121, hapa ni kama 118 tu, kwa sababu geji inapima kilichozidi juu ya hewa ya nje. Inabidi ifike karibu 17.5 hadi 18 psi, kama mtengenezaji anaruhusu presha hiyo. Hairuhusu? Ongeza muda, na weka tepu au kichupa cha kupimia kila mzunguko. Yenye kipimajoto cha ndani fuata joto, achana na geji. Njombe ni juu zaidi, Iringa mjini ni chini kidogo. Inkubeta nayo: asilimia 5 ya CO2 huku ni gesi pungufu kuliko asilimia 5 ya pwani, hivyo midia inaelekea rangi ya zambarau. Ukiona hivyo pandisha kuelekea 6 na upime pH ya midia iliyokaa humo usiku kucha, iwe karibu na 7.4.

Seramu na tripsini haziingii autokilevu, kamwe.

Yeyusha seli haraka kwenye maji ya nyuzi 37, weka kwenye midia yenye seramu asilimia 10, badilisha midia kesho yake. Zigawe zikifika asilimia 80 ya chupa. Zitumie baada ya kugawa angalau mara mbili, sio siku zilipotoka kwenye barafu.

9. Kupanda kwenye pleti.

Hesabu seli kwa chemba ya kuhesabia na rangi ya tripani bluu (inaingia kwenye zilizokufa tu), zilizo hai ziwe zaidi ya asilimia 90. Tengeneza seli 50,000 kwa mililita, weka maikrolita 100 kila kisima, hiyo ni seli 5,000. Tikisa chupa kila baada ya safu moja maana seli zinatuama chini na kisima cha mwisho kitapata mara mbili ya cha kwanza.

Visima vya pembeni usiviwekee seli, vinakauka kabla ya vingine. Vijaze maikrolita 200 za PBS, utumie 60 vya katikati. Acha masaa 24 zishike.

10. Kuweka ekstrakti.

Fuata hesabu pole pole. Chukua maikrolita 8 za stoku, weka kwenye maikrolita 992 za midia, umepata maikrogramu 400 kwa mililita yenye DMSO asilimia 0.8. Punguza nusu kwa nusu mara tano ukitumia midia ambayo nayo ina DMSO 0.8, ili DMSO isibadilike wakati dozi inabadilika. Kila moja ongeza maikrolita 100 juu ya zile 100 zilizoko kisimani. Dozi za mwisho zinakuwa 200, 100, 50, 25, 12.5 na 6.25, na DMSO ni 0.4 kote. Isizidi 0.5.

Visima ambavyo haviruhusiwi kukosekana, vyote mara tatu tatu:
- seli na midia tupu
- seli na DMSO 0.4, hii ndiyo asilimia 100 yako
- seli na doksorubisini
- midia bila seli
- ekstrakti bila seli, kwa kila dozi

Huo wa mwisho ndio wanafunzi wanauacha kuokoa pleti, na ndio unaookoa ripoti. Ekstrakti ya majani ni ya kijani au kahawia na mashine inasoma rangi. Zaidi ya hapo polifenoli za jani zinaweza kuibadilisha MTT kuwa zambarau zenyewe bila seli hata moja, kwa hiyo seli zimekufa ila mashine inakwambia ziko hai.

Rudisha kwenye inkubeta masaa 48 au 72, chagua moja ubaki nayo. Kabla ya kuendelea tazama kwa hadubini na upige picha. Seli za HeLa zikiwa nzima zimelala bapa zimejishika, zikiumia zinajikunja mviringo zinang'aa ukingoni na kuelea.

11. MTT.

Njia hii ni ya Mosmann, 1983. Seli hai zinageuza rangi ya njano kuwa fuwele za zambarau. Ondoa midia yenye ekstrakti, osha taratibu kwa PBS, weka midia mpya maikrolita 200 na MTT maikrolita 20 (miligramu 5 kwa mililita, kwenye PBS, imechujwa, imefichwa mwanga). Masaa 3 hadi 4. Fyonza midia ukiinamisha pleti, ncha ya pipeti isiguse chini maana fuwele ziko hapo. Weka DMSO maikrolita 100, tikisa dakika 10 mpaka zambarau iwe sawa kisima chote, soma 570 na pia 630 ya kutoa uchafu.

Vaa glavu, MTT na doksorubisini sio vitu vya kumwagikia mkononi. Taka za seli ziloweke kwenye jiki kabla ya kumwaga.

12. Hesabu.

Toa blanki (usomaji wa kisima kisicho na seli) kwanza, na kwa visima vya dozi blanki ni ile ekstrakti bila seli ya dozi hiyo hiyo. Alafu gawa kwa kontroli ya DMSO iliyotolewa blanki ya midia, zidisha 100. Mfano kisima 0.50 na blanki yake 0.05 ni 0.45, kontroli 0.95 na blanki 0.05 ni 0.90, uhai ni asilimia 50. Chora uhai dhidi ya logi ya dozi, utafute IC50 kwa mkunjo wenye umbo la S. Programu ya R ni bure na inafanya hii. Usipige mstari ulionyooka kwenye Ekseli, unadanganya.

13. Rudia siku nyingine.

Visima vitatu vya pleti moja ni jaribio moja. Unahitaji majaribio matatu, siku tofauti, seli zilizogawiwa upya.

NAMBA YAKO INASEMA NINI

Kwa ekstrakti ghafi kigezo kinachotumika sana ni IC50 chini ya maikrogramu 20 hadi 30 kwa mililita. Ukipata hapo una kitu cha kuendeleza. Kati ya 30 na 100 ni ya wastani, iandike hivyo hivyo. Ile 280 sio dawa, ni jani la kawaida, na hakuna aibu kuliripoti, linamwokolea mwingine muda.

Alafu gawa IC50 ya seli za kawaida kwa ya seli za saratani. Ikitoka 1 jani linaua kila kitu. Ikizidi 3 linaanza kuchagua. Mi ningependa kuona hii namba kwenye kila ripoti kuliko IC50 peke yake.

Kwenye hitimisho andika "ekstrakti ilipunguza uhai wa seli za HeLa kwenye maabara". Usiandike inatibu. Kwenye pleti hakuna tumbo la kuimeng'enya, hakuna ini la kuibadilisha, hakuna figo. Na ndugu wakisikia unapima majani ya saratani wataanza kuyaomba, nakuhakikishia, watakuja na mama mgonjwa kabisa. Usimpe mtu. Mwambie aende hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya au Taasisi ya Saratani Ocean Road Dar, asiache dawa alizopewa, na kama anakunywa majani yoyote amwambie daktari wake kwa sababu majani mengine yanagombana na dawa za saratani kwenye ini.

IKIGOMA

Seli za kontroli ya DMSO nazo zimekufa. Hesabu upya DMSO, karibu kila mara mtu amesahau kwamba kisimani inagawanyika nusu. Kama ni sawa angalia umri wa chupa ya DMSO.

Uhai umetoka asilimia 130. Jani linageuza MTT lenyewe, au hukuosha kwa PBS. Angalia visima vya ekstrakti bila seli. Ikiendelea hamia kipimo cha sulforodamini B, kinapima protini za seli hivyo hakiyumbishwi na polifenoli.

Ekstrakti imeganda kama mchanga ndani ya kisima. Umezidisha dozi, anzia 100. Kilichotuama hakikupimwa, usikihesabu.

Seli zinakufa kwa kila mmea unaojaribu. Shuku tanini, zinashikana na protini yoyote zinayoikuta. Ziondoe kwanza kwa polivinilipirolidoni alafu rudia, nguvu ikipotea yote ilikuwa ni tanini. Pima na pH ya midia yenye ekstrakti, zingine ni chachu.

Midia imekuwa ya njano na mawingu usiku mmoja. Bakteria. Tupa chupa yote na zilizokaa nayo, safisha inkubeta kwa ethanoli 70, badilisha maji ya trei, na angalia ile autokilevu kama kweli ilifika 121.

Doksorubisini haikuua. Basi pleti nzima haisomeki, hata kama jani lako limeonekana zuri. Dawa imekaa nje ya friza au kwenye mwanga, agiza nyingine.

Umeme ulikatika usiku pleti zikiwa ndani. Usifungue mlango wa inkubeta, inashika joto kwa muda fulani. Asubuhi soma kipimajoto, kama imeshuka sana tupa pleti hiyo uanze upya, na stoku iliyoyeyuka kwenye friza iandikie tarehe na usiitumie kwa jaribio la kuchapisha.